Milimita 50 ni Mapipa Mangapi? Maji ya Paa, Pipa na Bustani ya Mvua

Kila mwaka, Oktoba ikielekea ukingoni, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa mvua za msimu, hizi ambazo kwetu kusini huanza Novemba na kwenda hadi Aprili. Na kila mwaka maneno yale yale hutuchanganya vijiweni. "Juu ya wastani." "Mvua kubwa inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24." Nimewahi kumwona mtu pale Magomeni, Mtwara, akichukua rula ya mwanawe, akaweka kidole kwenye sentimita 5 na kuuliza: hiki ndicho kina cha kutisha watu redioni?

Swali lake ni la haki. Siku hizi limeingia na neno jingine, bustani ya mvua. Mmoja anadhani ni shamba lolote linalotegemea mvua, mwingine anadhani ni dimbwi la kufugia mbu. Wa tatu ameshanunua pipa moja la bluu na anaamini amemaliza kazi. Nimeona tuyachambue haya polepole, kwa sababu maji yanayotubomolea misingi Januari ndiyo yale yale tunayoyanunua kwa ndoo Septemba.

Tuanze na milimita yenyewe. Milimita moja ya mvua ni kina cha maji ambayo yangesimama juu ya ardhi tambarare kama yasingezama, yasingetiririka wala kukauka. Kina hicho kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Tandaza kanga uani. Ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa mita moja na kitu. Milimita moja ya mvua ikiiangukia yote, kanga hiyo imepokea maji ya chupa kubwa ya dukani, ile ya lita moja na nusu. Nyumba ya mita 10 kwa 6 ingehitaji kanga kama 36 kufunika paa lake.

Nyumba hiyo ina mita za mraba 60 (pima chini, pamoja na upenu, mteremko wa bati hauongezi mvua). Milimita 50 juu yake ni lita 3,000. Ni ndoo 150 za lita 20, au mapipa 15 ya lita 200. Rula ya mtoto haikudanganya, ila haikuonyesha upana wa paa.

Kuna jambo la pili ambalo rula haioneshi. Mvua inayoanguka uani hutawanyika kila mahali, lakini ile iliyoangukia paa hukusanywa na kumwagwa kwenye mistari miwili tu, chini ya upenu wa mbele na wa nyuma. Nenda kaangalie nyumba yoyote isiyo na gata: utaona mfereji uliochimbwa na michirizi, sambamba na ukuta, kokoto zimebaki na mchanga umekwenda. Nyumba ya udongo na fito huanza kuliwa pale pale, tope likiruka na kuupiga ukuta usiku kucha. Nyumba ya tofali nayo huonyesha nyufa baada ya miaka kadhaa.

Na "juu ya wastani" je? Maneno hayo yanahusu jumla ya msimu mzima, kama mshahara wa miezi sita ukijumlishwa. Hayasemi lolote kuhusu usiku mmoja. Msimu unaweza kuwa chini ya wastani, wakulima wakalia, na bado ukaleta usiku mmoja wa milimita 50 unaoingia sebuleni. Kwa hiyo anayesubiri kusikia "juu ya wastani" ndipo asafishe mtaro wake amesikiliza tangazo vibaya.

Sasa pipa. Kwa Kiswahili tunasema kukinga maji ya mvua, na bibi zetu wamekinga tangu zamani, sufuria na ndoo zikipangwa chini ya upenu. Kukinga si jambo geni kwetu, hasa ukipanda Newala na Tandahimba. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaomeza mvua na kuipeleka chini sana. Chemchemi ziko kwenye miteremko ya pembeni, na akina mama wamepanda na kushuka ile miteremko na madumu kichwani kwa vizazi. Ndiyo maana kwa mjomba wangu huko Newala kuna kisima cha saruji kilichochimbwa ardhini kando ya nyumba, gata zote zikielekea humo. Mtoto akiacha kifuniko wazi, mjomba hasemi mara mbili.

Pipa la lita 200 ni kitu kizuri, lakini tuwe wakweli kuhusu uwezo wake. Kwa paa letu la mita za mraba 60, linajaa kabla mvua haijafika milimita 4. Kwa mvua zetu za msimu hizo ni dakika chache. Baada ya hapo kila tone linalokuja linafurika pale pale pipa lilipo, na kwa kawaida lipo ukutani. Yaani pipa lisilo na njia ya kutolea maji ya ziada linaweza kuuharibu msingi kuliko hata kutokuwa na gata, maana maji yaliyokuwa yakisambaa ukuta mzima sasa yanamwagika kona moja. Bomba la kufurikia liwe na upana ule ule wa bomba linaloingiza maji, na lielekezwe mbali na ukuta. Wapi, tutafika.

Faida ya pipa na tangi iko kwenye ndoo na mfuko. Familia ya watu 5 inayotumia lita 35 kwa siku za kunywa na kupikia tu inaweza kukaa na tangi la lita 1,000 kwa wiki nne. Lenye lita 5,000 linakwenda zaidi ya miezi minne na nusu, yaani likiwa limejaa Aprili mwishoni linakufikisha Septemba. Mwaka wa kawaida Mtwara mjini hupata karibu milimita 1,000. Paa lile lile, tukitoa hata sehemu moja ya tano inayopotea kwa kuruka, kuvuja na kukauka, linatoa lita 48,000. Mvua hazipungui. Kinachopungua ni vyombo. Na ukiishi karibu na bahari ambako kisima kina chumvi, utajua thamani ya maji ya mvua siku ya kwanza ya kufua, sabuni inapotoa povu bila kubembelezwa.

Mambo matatu ya haraka kabla ya kununua pipa. Muulize muuzaji lilikuwa na nini. Likiwa lilibeba viuatilifu vya mikorosho au kemikali yoyote, hata likioshwa mara kumi si la maji. Pipa lililojaa lina uzito wa kilo 200, kwa hiyo likae juu ya jukwaa la tofali lililo sawa, si mawe yanayoyumba huku watoto wakicheza chini yake. Koki nayo iwekwe juu kidogo ya kitako, ili tope litulie chini na lisiingie ndooni.

Watu husema maji ya mvua ni maji ya Mungu, hayana uchafu. Yakiwa angani, karibu ni kweli. Yakishagusa bati yamegusa kila kilichokuwa juu ya bati: vumbi la miezi sita, kinyesi cha ndege, mijusi waliokauka, majani. Kwetu kuna kitu cha ziada ambacho sehemu nyingine za nchi hawakifikirii. Kuanzia Juni mashamba ya mikorosho hupuliziwa salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kwenye majani na maua, na salfa ile ya unga hupaa kama wingu la manjano. Ukikaa kijiji chenye mikorosho hadi mlangoni, unajua kwamba wingu hilo halichagui kati ya mti na paa. Ndiyo, kuchemsha maji huua vijidudu. Lakini salfa, rangi ya bati na vumbi haviondoki kwa kuchemsha. Dawa yake ni kuyaacha maji ya kwanza yaende zake.

Mvua ya kwanza ya msimu mimi siikingi kabisa. Iache ioshe paa. Baada ya hapo, kila jua likikaa wiki au zaidi, mwaga nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani kwa paa letu lita 30, ndoo moja na nusu. Njia rahisi niliyoiona ni elbo moja, kile kiungo cha bomba kilichopinda, isiyotiwa gundi. Fundi aliyenifungia gata alikuwa mwangalifu mno, akagundisha kila kiungo, na msimu wa kwanza maji yote ya vumbi yakaingia tangini yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Nikamwomba akate ile elbo ya mwisho juu ya tangi na kuirudisha bila gundi. Sasa mvua ikianza natoka, naigeuza iangalie nje, nahesabu hadi nione maji yanayotoka yamekuwa meupe, kisha nairudisha. Ni kazi ya dakika chache, na mtoto wa miaka kumi anaiweza. Hata hivyo maji ya kunywa bado yachemshwe au yatiwe dawa ya maji. Ya paa la makuti yabaki kwa bustani na kufulia nguo za rangi nzito, na paa la zile karatasi za zamani za asbesto lisikingwe maji ya kunywa.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo linalofuata ni historia yetu wenyewe na wengi hatuijui. Mwaka 1952 hadi 1953 ulizuka ugonjwa katika Uwanda wa Makonde, upande wa Newala: homa ya ghafla, na viungo vinauma kiasi kwamba mgonjwa anatembea amejikunja. Wenyeji waliuita kwa Kimakonde chikungunya, neno linalotokana na huko kukunjika. Dunia nzima, kuanzia India hadi Brazil, inautaja ugonjwa huo kwa neno la Kimakonde hadi leo. Watafiti Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha uchunguzi wao mwaka 1955, na moja ya mambo yaliyoonekana ni kwamba mbu aina ya Aedes aegypti walikuwa wakizaliana katika vyombo vya maji majumbani. Maji yalikuwa ya shida, kwa hiyo kila nyumba iliyaweka siku nyingi, na mbu akapata mahali.

Mbu huyu si yule wa malaria. Anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikutoshi. Ndiye pia anayeeneza homa ya dengi. Hapendi mtaro wenye tope; anapenda maji safi yaliyotulia ndani ya chombo, na pipa lako ni jumba la kifahari kwake. Mayai huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanavumilia ukavu kwa miezi. Ukimwaga maji yote na kulianika pipa, mayai yapo. Msimu ujao likijaa yanaanguliwa, na kwa joto letu ndani ya wiki moja au zaidi kidogo mbu mzima ameruka.

Kwa hiyo pipa na tangi lifunikwe kikamilifu, na kila tundu, la kuingizia na la kufurikia, lifungwe wavu wa madirishani kwa mpira wa tairi. Linapoisha maji, sugua kuta za ndani kwa brashi, usisuuze tu. Kwa mjomba, juu ya bomba linaloingia kisimani kuna kipande cha chandarua kilichokunjwa mara mbili na kufungwa kwa uzi wa kamba ya mkonge. Kila baada ya mvua anakifungua, anakikung'uta majani, anakifunga tena. Amekifanya hivyo tangu niwe mdogo, na sikuwahi kuuliza kwa nini hadi niliposoma habari za miaka ile ya 1950.

Tumeacha lita 3,000 zikifurika. Pipa limechukua 200, hata tangi linajaa ikifika Januari. Hapo ndipo bustani ya mvua inapoingia, na jina lake linatisha kuliko kitu chenyewe.

Bustani ya mvua ni bonde dogo la makusudi, lenye mimea, linalopokea maji ya paa na kuyazamisha ardhini ndani ya siku moja au mbili. Umbo lake ni la sinia, si la sufuria: pana, kina cha sentimita 15 hadi 20, kitako kimesawazishwa ili maji yatandae kote. Ukitaka mfano, umeuona mara nyingi nyuma ya bafu za uani, pale maji ya kuogea yanapotokea na mtu akapanda migomba na magimbi. Ile migomba haijawahi kumwagiliwa na inastawi kuliko yote mtaani. Bustani ya mvua ni wazo hilo hilo, limepimwa.

Kabla ya kuchimba, ipime ardhi. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, upana wa sufuria ya wali. Jaza maji, yaache yaishe ili udongo ulowe. Jaza tena, chomeka kijiti, weka alama usawa wa maji, rudi baada ya saa moja. Maji yakishuka sentimita 2 na nusu au zaidi, ardhi yako inafaa. Sehemu kubwa ya Mtwara mjini na Naliendele ni kichanga, utaona yanashuka haraka. Mabondeni kwenye udongo mfinyanzi, mweusi unaopasuka kiangazi, yanaweza kukaa hadi kesho; hapo usichimbe bustani, jenga mtaro wenye nyasi uyapeleke maji taratibu kunakofaa.

Tuchukue ardhi ya kichanga inayomeza sentimita 5 kwa saa. Bustani ya mita 3 kwa 3 yenye kina cha sentimita 15 inabeba lita 1,350 kwa mkupuo, na inameza lita 450 kila saa. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwa saa nne, bustani hiyo inaweza kupokea zaidi ya lita 3,000. Paa zima limemezwa na eneo la chumba kidogo cha kulala. Hesabu hii ndiyo iliyonishawishi mimi, maana nilikuwa nadhani ni pambo la watu wenye viwanja vikubwa.

Iwe mita 3 au zaidi kutoka ukutani, upande ambao ardhi inateremka kuelekea nje, na iwe mbali na choo cha shimo, karo (shimo la maji machafu) na kisima. Udongo uliochimbua ujengee tuta upande wa chini, na kwenye tuta uache mdomo uliopangwa mawe, maji ya ziada yatokee hapo bila kuchimba. Mdomo huo usielekee kwa jirani. Katikati panda vinavyopenda maji na kuvumilia kiangazi: migomba, magimbi. Pembeni mchaichai na ukoka wa kushika udongo. Mpapai na mkorosho viweke nje ya bonde kabisa, mizizi yake haivumilii kusimama majini. Tandaza majani makavu juu.

Na mbu? Bustani inayokauka ndani ya saa 48 haimpi mbu muda wa kukua. Kopo la maziwa lililotupwa nyuma ya jiko ni hatari kuliko bustani nzima.

Kuna njia mbili za mkato zinazonisikitisha. Ya kwanza ni kumwaga saruji ua mzima ili kuondoa tope. Tope linaondoka kwako. Maji yote yanaongezeka kwa aliye chini yako. Lindi mjini na Mikindani, ambako vilima vinaishia karibu na ufukwe, kila ua uliosakafiwa juu unashuka kama mto kwa waliojenga chini. Ya pili ni mbaya zaidi: kuelekeza gata kwenye choo cha shimo au karo, kwa kuwa shimo tayari lipo. Karo halikujengwa kumeza lita 3,000 kwa usiku mmoja. Linajaa, linafurika, na kilichomo ndani kinatembea uani ambako watoto wanatembea peku. Mlipuko wa kipindupindu hauhitaji zaidi ya hapo.

Mipaka ipo. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024, mvua zake zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam huko Kilwa. Hakuna pipa wala bustani ya uani inayosimama mbele ya mvua ya namna ile, na anayeishi kwenye njia ya korongo hatasaidiwa na magimbi. Haya tunayozungumza ni kwa mvua za kawaida, zile za kila msimu ambazo kidogo kidogo hula msingi na kutuachia madumu matupu.

Shimo la majaribio lichimbwe Oktoba, ardhi ikiwa kavu na mikono ikiwa haijaenda shambani. Gata zisafishwe wakati huo huo, wavu ukaguliwe, elbo igeuzwe nje. Mvua kubwa ya kwanza ikishuka, chukua mwavuli utoke uone mwenyewe: maji yanaingia bustanini kutoka upande gani, yanatokea wapi, kuna mahali yanachimba? Weka jiwe hapo hapo, kesho utasahau. Kisha rudi jioni ya siku ya pili. Kanyaga kitako cha bustani kwa mguu mtupu. Ukikuta tope laini bila maji, iache. Ukikuta maji bado yanang'aa, yatoe kwa ndoo, na yakikauka fukua sentimita 20 nyingine, changanya mchanga na samadi, rudisha, sawazisha upya kabla mvua inayofuata haijafika.